Gauni la Kompyuta

Kompyuta ilizimika pale pale binti alipoulizwa kwa nini anadhani kazi ile inamfaa. Alifungua mdomo kujibu, skrini ikawa nyeusi tii, akabaki anajitazama mwenyewe humo, mdomo wazi.

Alibonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akakishikilia muda mrefu kama alivyowahi kusoma mahali, akachomoa chaja, akaichomeka kwenye soketi nyingine, akaomba na dua juu yake. Chini ya viganja vyake mashine ilikuwa ya moto kama pasi iliyosahauliwa. Ilipokubali kuwaka, watu wa usaili walikuwa wameshaondoka na kumwachia ujumbe wa adabu uliochoma: watampa nafasi nyingine Alhamisi asubuhi, ila ahakikishe vifaa vyake viko sawa, maana kazi yenyewe inafanyiwa nyumbani, na nafasi hiyo itakuwa ya mwisho.

Kazi ilikuwa ya kupokea malalamiko ya wateja wa kampuni inayouza majokofu, pasi na majiko. Si kazi ya kupigiwa vigelegele, lakini ilikuwa na mshahara wa kila mwezi, na binti aliitamani mpaka akawa anaiota. Tangu amalize chuo alikuwa akimsaidia mama yake kushona vifungo na kupiga pindo, na wateja walishaanza kumwita "fundi mdogo". Kila akiitwa hivyo alicheka, lakini rohoni aliumia.

"Wamekuchukua?" Mama aliuliza kutoka barazani, sindano ikiwa mdomoni.

"Imezima, mama."

"Nani kaizima?"

"Imejizima yenyewe. Katikati ya maswali."

Mama aliingia, akaitoa sindano mdomoni, akaweka kiganja juu ya kompyuta kama anayempima mtoto paji la uso. "Ina homa," alisema. Kisha, kwa huruma ya kweli kabisa, akaifunga kifungo kimoja kilichokuwa kimeachia.

Maana kompyuta ile ilikuwa na nguo. Ndani ya nyumba yao hakuna kitu kilichokaa uchi. Televisheni ilikuwa na kitambaa chenye lesi, jokofu lilipigwa kilemba, rimoti ilivaa mfuko wa nailoni na juu yake mfuko wa kitambaa, na mtungi wa gesi ulikuwa na sketi ya marinda. Mama alikuwa fundi cherehani, na kwa imani yake kitu ulichokipata kwa jasho hukiachi kikapigwa na vumbi. Kompyuta aliinunua kwa kushona sare za shule msimu mzima, macho yakimtoka machozi kwa uchovu. Siku ilipoingia nyumbani aliipima kwa futi kabla hata haijawashwa.

Akaishonea koti la mahameli nyekundu iliyobaki kwenye mapazia ya ukumbi. Upande wa chini aliweka sponji nene "isije ikaumia mgongo". Pembeni alitia lastiki, kuzunguka skrini akapitisha lesi, na juu ya jicho la kamera akaweka kijifuniko chenye kifungo chake, ili binti yake asichunguliwe ovyo. Kusema kweli lilikuwa koti zuri. Kuna watu wameolewa wakiwa wamevaa nguo mbaya kuliko ile.

"Leteni niifungue," ilisikika sauti kutoka kwenye kochi.

Huyo alikuwa Mjomba Bisibisi, mdogo wake mama, aliyekuja kukaa wiki moja tu wakati mtaro wa kwake umeziba. Mtaro ulishazibuka zamani. Mjomba hakuwa fundi wa kitu chochote, lakini alikuwa na bisibisi, na mtu mwenye bisibisi hupata shida kukaa kimya. Redio ya nyumbani aliifungua, ikapona, ila tangu hapo ikawa inashika stesheni moja na haizimiki. Skrubu zilizobaki alizitia kwenye kikombe, akasema kiwanda kilizidisha.

"Huigusi," binti alisema, akiikumbatia mashine yake na mahameli yake. "Ina waranti. Ikifunguliwa na mtu yeyote nje ya kituo chao, waranti imekufa."

"Waranti ni karatasi, mwanangu. Mimi naongelea ufundi."

"Ufundi wako uko kwenye kikombe," Mama alimjibu, na mazungumzo yakaishia hapo. Hata hivyo, usiku huo binti alilala na kompyuta ubavuni, kwa sababu Mjomba alionekana akiipitia kwa jicho la upendo.

*

Kituo cha huduma kilikuwa na viyoyozi, viti vya chuma, na msichana wa mapokezi mwenye kucha ndefu zilizogonga kibodi kwa mikogo. Mama alikuja amebeba boksi lenyewe, na ndani ya boksi kila kitu kilichotoka nalo dukani: nailoni, maboya meupe ya kuikinga isigongwe, kijitabu ambacho hakijawahi kufunguliwa, hata kile kipakiti kidogo kilichoandikwa kisiliwe.

"Risiti?"

Mama alitoa risiti iliyopigwa laminesheni, pembe nne zikiwa zimekatwa kwa mviringo. Msichana aliigeuza mara mbili. Inaelekea hakuwahi kuona risiti iliyotunzwa kama cheti cha ndoa.

"Hii nguo ilitoka nayo dukani?"

"Hapana, hiyo nimeongeza mimi," Mama alijibu, kifua mbele.

Msichana alilishika koti kwa ncha za vidole viwili, akamwita mwenzake, wote wawili wakaangalia kile kifungo cha kamera. Hawakucheka kwa sauti, lakini mabega yalicheka. Binti aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Mara akamwona mama yake akitabasamu, akidhani anasifiwa, na aibu ile ikageuka ikamrudia yeye mwenyewe, akatamani kuwazaba wote wawili kwa boksi.

"Waranti inahusu hitilafu za kiwandani," msichana alisoma kama anayekariri. "Haihusu kuanguka, kumwagikiwa, wala kufunguliwa na fundi wa mtaani."

"Haijaanguka, haijamwagikiwa, na fundi wa mtaani tumemfungia nje ya nyumba," Mama alisema.

Chumba cha mafundi aliruhusiwa kuingia mmoja tu. Mama akabaki kwenye kiti cha chuma na boksi mapajani, binti akaingia na mgonjwa.

Fundi alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyotiwa gundi kwenye bawaba. Aliivua kompyuta koti, akaiwasha, akafungua video, akaiacha icheze huku akinywa maji. Kompyuta ikafanya kazi, feni yake ikinong'ona tu. Akairudishia koti. Haikuchukua muda feni ilianza kulalamika, ikapanda, ikalia kama cherehani ya umeme, halafu skrini ikazimika.

"Umeona?" alisema. "Kompyuta yako nzima. Njoo." Aliigeuza chali na kumwonyesha mistari ya matundu. "Hapa inavuta hewa. Hapa pembeni inatoa joto. Mmeiziba pua kwa sponji. Ikipata moto kupita kiasi inajizima yenyewe ili isiungue. Ina akili kuliko tunavyodhani."

Alichukua kipulizio na brashi laini, akapuliza. Kikatoka kipande cha vumbi la nyuzi, chekundu, laini, cha mahameli ile ile. Wote wawili wakakitazama.

"Waranti yako ingali hai," aliendelea, "lakini mimi sina cha kutengeneza. Na siku ubao wa ndani ukiungua kwa ajili ya nguo hii, watakukatalia, kwa sababu kijitabu kimesema matundu yasizibwe. Iweke juu ya meza ngumu, si kitandani. Pangusa vumbi mara kwa mara, ikiwa imezimwa. Na kazi zako uwe unazinakili mahali pengine. Nani kashona hii?"

"Mama. Yuko pale nje."

"Kashona vizuri mno. Hiyo ndiyo shida. Ingekuwa mbovu, hewa ingepita."

Binti alichungulia kwenye kioo cha mlango. Mama yake alikuwa akimwonyesha mtu wa kiti cha pili ile risiti ya laminesheni.

"Kaka, nakuomba," binti alisema taratibu. "Usimwambie ni nguo. Hii kompyuta imemtoa jasho. Nguo yenyewe kaishona akiwa anaumwa mgongo. Akijua kwamba ndiyo inayoiua..."

"Mimi natengeneza kompyuta, dada. Mama zenu siwawezi."

"Vumbi si umelitoa? Mwambie vumbi. Hutakuwa umesema uongo."

Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena bila kuona tofauti yoyote. Wakatoka. Mama akasimama kwa haraka, boksi likataka kumponyoka.

"Daktari, atapona?"

"Ameshapona, mama. Lilikuwa vumbi tu."

"Vumbi!" Mama alishtuka. "Na koti lote lile? Limepitia wapi?"

"Chini huku... kwenye matundu," fundi alisema, akimtupia binti jicho la kuomba msaada.

Mama aliitazama kompyuta kutoka chini mpaka juu, akaitazama upande, midomo ikihesabu. Binti aliyajua macho yale. Ndivyo anavyomtazama mteja kabla ya kutoa futi shingoni.

*

Kesho yake asubuhi koti lilikuwa na tabaka la pili. Mama alitia kitambaa kizito cha turubai chini ya sponji, na nafasi ndogo iliyokuwa imebaki pembeni akaifunga kwa zipu.

"Sasa hata moshi haupiti," alitangaza.

"Mama, mbona ile ya kwanza ilitosha?"

"Ingetosha, vumbi lingeingia?"

Jibu lilikuwa moja tu, lile la kweli, na hilo binti alikuwa amelizika kituoni kwa mikono yake mwenyewe.

Ikabidi aanze maisha ya wizi. Mama akiwa barazani, binti anaivua kompyuta na kujifunza majibu ya usaili. Akisikia kandambili zinakaribia, anaivalisha upesi upesi, zipu, lastiki, vifungo, anakaa kama mtu aliyekuwa anasali. Mama alianza kuona lesi imekaa upande na zipu imetafuna kitambaa.

"Nani anaifungua fungua hii?"

Binti alikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake aliangalia kwenye kochi. Hakusema jina, aliangalia tu, na hiyo ilitosha.

"Mimi?" Mjomba Bisibisi alipaza sauti. "Safari hii sijaigusa, wallahi!"

"Safari hii," Mama alirudia.

Mjomba alisusa chai siku nzima. Kwa mtu mwenye heshima yake kwenye birika, hilo lilikuwa jambo zito, na binti alijisikia vibaya kuliko alivyotarajia.

Mambo yalizidi kuharibika mwalimu wa jirani alipokuja kuchukua sketi yake, akaliona koti, akalipenda. Akaagiza moja kwa ajili ya kompyuta yake, na akasema walimu wenzake nao watataka. Mama aliingia ndani akiwa amenawiri. Siku nyingi binti hakumwona hivyo.

"Unaona? Mimi naona hii inaweza kuwa biashara. Watu wana kompyuta, hawana pa kuziweka. Na yako ndiyo itakuwa ya mfano!"

Binti alisema ndiyo. Akaenda bafuni, akafungua maji yatiririke, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Kwanza alitaka kumlinda mama asijisikie vibaya, sasa shule nzima itazibwa pua. Alijiapiza kwamba atasema Alhamisi jioni, kazi ikishapatikana, kila mtu akiwa na furaha. Hakujua kwamba Alhamisi jioni ingechelewa.

*

Alhamisi asubuhi Mama alifunga baraza. Wateja aliwaambia warudi mchana. Aliingia, akaketi kwenye cherehani yake ya ndani, hatua chache kutoka mezani kwa binti, miguu ameitoa kwenye pedali, mikono juu ya mapaja.

"Mama, si ungepumzika chumbani?"

"Nitapumzikia hapa. Siku ile ulikuwa peke yako, ikazima. Leo niko. Sitapumua hata."

Kuivua mbele yake hakukuwezekana. Binti alifungua kijifuniko cha kamera, akaomba Mungu, akaingia kwenye usaili na kompyuta imejifunga mahameli, sponji, turubai na zipu.

Kwenye skrini walitokea mwanamke mwenye nywele fupi na mwanamume mwenye sauti nzito. Walimsalimu vizuri. Swali la kwanza alijibu, la pili akajibu vizuri zaidi. Wakati wa la tatu feni ilianza kunung'unika, na jasho la binti likaanza nalo.

"Tuseme mteja amepiga simu," mwanamke alisema. "Jokofu lake limekufa. Waranti ipo, lakini kosa ni lake mwenyewe, na hajui. Amelitunza kadiri alivyojua. Utamwambiaje?"

Jibu la swali hilo binti alikuwa nalo, amelikariri. "Kwanza ningemsikiliza kwa makini," alianza. "Kisha ningemshukuru kwa kuchagua bidhaa..." Feni ilipanda. Maneno mengine yakapotea.

"Samahani, hiyo sauti ni ya nini?" mwanamume aliuliza. "Kama kuna mtu anasaga kitu."

Binti alimtazama mama yake juu ya skrini. Mama alikuwa ameegemea mbele, mikono ameifumbata, midomo ikicheza, anamwombea. Anaombea mashine kwa nguvu zote, na yeye ndiye aliyeiziba. Binti akaona bora aseme tu kabla haijazima.

"Ni kompyuta yangu," alisema. "Inakosa hewa. Naomba nijibu maswali yenu yote mawili kwa pamoja. Mteja huyo ninaye. Alifanya kazi msimu mzima ili aninunulie hii kompyuta, na kwa kuwa anaipenda akaishonea koti. Koti zuri kuliko nguo zangu zote. Tatizo ni kwamba limeziba matundu ya hewa, ndiyo maana siku ile ilizima. Mimi nililijua hilo tangu kituoni, na sikumwambia. Nilimwogopea. Nikaacha aongeze tabaka la pili, nikaacha mjomba wangu asingiziwe, na sasa mteja amepata oda za watu wengine. Kwa hiyo mkiniuliza ningemwambiaje, ningemwambia: hukufanya kosa la uzembe. Hukujua tu, na sasa unajua. Na ningemwambia siku ile ile, kwa sababu kumficha ndiyo dharau yenyewe."

Hakuthubutu kutazama. Alisikia kiti cha cherehani kikisogea. Akasikia droo ya mikasi.

Mama alishuka sakafuni. Alitambaa kwa magoti na kiwiko, kichwa chini ili asionekane, gauni lake likifagia vipande vya nyuzi, mpaka akafika mezani. "Inyanyue," alinong'ona. Binti akainyanyua kompyuta kidogo, picha ikayumba, na mkasi mkubwa wa kukatia suti ukaingia chini yake. Kra. Kra. Turubai ikaachia. Sponji ikafuata. Kazi yote ya mgongo ule mbovu ikadondoka kwenye mapaja ya binti.

Feni ilishusha sauti, ikashuka tena, ikatulia.

"Nimeona mkasi," mwanamume alisema, "au macho yangu?"

"Ni mteja," binti alijibu.

Mwanamke wa nywele fupi alijikaza asicheke. "Na mteja anasemaje? Ameridhika?"

Kichwa cha Mama kikatokea pembeni ya meza, miwani upande, uzi mwekundu kwenye nyusi.

"Mteja hajaridhika," alisema. "Ila ameelewa. Na angeelewa tangu siku ya kwanza kama angeambiwa. Habari zenu."

Mlangoni, Mjomba Bisibisi alikuwa amesimama na chombo chake mkononi, uso umejaa matumaini. "Sasa niifungue?"

"Toka!" walisema mama na binti kwa pamoja.

*

Walipobaki wawili, Mama aliokota sponji, akaikung'uta, akaikunja. Binti alisubiri kilio au ukali, kimojawapo. Hakikuja hata kimoja.

"Kila siku ya Mungu," Mama alisema hatimaye, "mtu anasimama pale barazani ananiambia, fundi, linabana. Fundi, kwapa hili siwezi kuinua mkono. Nimewahi kulia?"

"Hapana, mama."

"Nafanyaje?"

"Unafumua."

"Nafumua. Sasa wewe, mwanangu wa kumzaa, ukaona mimi siwezi kuambiwa linabana." Hapo ndipo sauti ilipomkatika, si kwa ajili ya koti. Binti alimshika mkono, akaomba radhi, akaiomba kwa maneno machache kwa sababu mengi yalikataa kutoka. Baadaye alikwenda kumwomba radhi Mjomba, akampelekea birika zima. Mjomba alisamehe kabla ya kikombe cha pili.

Mwalimu wa jirani alielezwa na Mama mwenyewe, waziwazi, kwamba koti linaiziba kompyuta pua, akashonewa mkoba wa kubebea kompyuta ikiwa imezimwa. Akaupenda kuliko koti.

Na kazi binti aliipata. Siku ya kwanza msimamizi alimwambia atafute mtu wa nyumbani ampigie, ili wajaribu laini kabla hajapokea wateja wa kweli. Kompyuta ilikuwa mezani bila nguo, na Mama kila akipita aliitupia jicho kama mtu anayemwona mgeni kakaa kifua wazi sebuleni, lakini alipita. Binti akavaa vipokea sauti, akamwomba mama aende nje barazani apige.

Simu ikaita. Sauti ikamfikia mara mbili, masikioni na kupitia dirishani.

"Haloo. Mimi ni mteja wenu. Nina jokofu, nimelipiga kilemba, na nyuma nimelishonea pazia. Nauliza, pua yake iko wapi?"

Msimamizi alikuwa anasikiliza.

"Ahsante kwa kupiga, mteja," binti alisema. "Pua iko nyuma. Pazia linabana."

Kupitia dirishani alimsikia mama yake akicheka, kisha droo ya mikasi ikafunguliwa.